Fundi Aliyefeli Jina Lake Mwenyewe

Fundi Kichwa hakupewa jina hilo kwa sababu ya ukubwa wa kichwa chake, ingawa nacho hakikuwa kidogo. Alipewa kwa sababu katika miaka thelathini na minane ya kushona hakuwahi kuandika kipimo cha mtu hata mmoja. Alikuzungushia futi kifuani, kiunoni, begani, akaguna mara moja, akaikunja futi yake, basi. Vipimo vyako vilikuwa vimeshaingia kichwani na havikutoka. Ukirudi baada ya miaka mitano alikwambia umeongezeka inchi ngapi na upande gani, tena mbele ya wateja wengine, bila kuombwa. Mafundi wenzake waliokuwa na madaftari aliwaita makarani.

Mkewe mtaa ulimwita Mama Vifungo. Kiti chake kilikuwa kile kifupi karibu na dirisha, na kazi yake ilikuwa vifungo, mapindo na pasi. Mumewe ndiye aliyesifiwa. Yeye ndiye aliyeulizwa nguo itakuwa tayari lini. Hakulalamika. Alikuwa mwanamke wa maneno machache mdomoni na mengi moyoni, na alipenda watu wapite barabarani waseme, "Duka la Fundi Kichwa lile," kwa sababu alijua nusu ya sifa hiyo ni yake hata kama hakuna aliyempa.

Kwa hiyo alikuwa wa kwanza kujua, na wa kwanza kujitia hamnazo.

Ilianza na mwalimu wa hesabu. Alishonewa suruali ambayo mguu mmoja ulikuwa wake na mwingine, kwa urefu wake, wa mtu mwingine kabisa. Mwalimu aliijaribu pale dukani, akajitazama kwenye kioo, yeye mtu wa hesabu, akasema, "Ahsante fundi, imekaa vizuri," akaondoka akichechemea kidogo. Mama Vifungo akajiambia mwalimu hana macho. Baada ya hapo likashonwa koti lenye mikono miwili, yote ya kulia. Kinyozi wa jirani akalivaa, akashukuru, akatoka na bega moja limeelekea mbinguni. Mama Vifungo akajiambia kinyozi naye hana macho. Mara ya tatu mumewe alishika futi mkononi, akaiangalia kama kitu alichookota njiani, akamwuliza taratibu, "Hii tunaanzia upande upi?"

Hapo akanunua daftari. La shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Akalificha chini ya rundo la bitana, na kila mteja alipopimwa, yeye kwenye kiti chake kifupi alinyoosha shingo, akasoma futi kwa pembeni, akaandika. Wateja wakishaondoka, alifumua alichoshona mumewe na kukishona upya. Hakuwa fundi wa kukata. Vipimo alivyosoma kwa pembeni vilikuwa vya pembeni kweli, na makosa ya mume yakawa sasa yamechanganyika na ya mke. Lakini hakuna mteja aliyerudisha nguo, hata mmoja, kwa karibu miaka miwili. Mama Vifungo akaamini siri yake imekaa.

Nyumbani ugonjwa ulipewa majina mengi ili usipewe lake. Mtoto wao wa kwanza, ambaye ukoo mzima ulimwita Meneja kwa kuwa alikuwa msaidizi wa meneja katika kampuni ya bima, alisema ni macho, akamnunulia baba yake miwani mitatu. Shangazi, dada yake Fundi Kichwa, mwanamke wa kauli ambaye hata akiomba maji husikika kama anatoa hukumu, alisema ni mawazo. Mama Vifungo mwenyewe alisema ni uchovu. Na mtu alipothubutu kusogea karibu na neno lenyewe, Shangazi alimkata kauli.

"Katika ukoo wetu hakuna kitu hicho. Baba yetu alikufa na akili zake zote. Alichokuwa nacho ni kupenda kutembea."

Hilo la kutembea lilikuwa kweli. Mzee yule alipenda kutembea kiasi kwamba mara mbili aliletwa nyumbani na polisi.

Mambo yangeendelea hivyo kama Meneja asingemleta bosi wake dukani ashonewe suti. Ilikuwa siku ya fahari. Fundi Kichwa alimpima yule bosi kwa adabu zote, akaguna, akaikunja futi. Kisha akamgeukia Meneja, mwanawe wa kumzaa, akamtazama juu mpaka chini, akamwuliza bosi:

"Na huyu dereva wako, naye atashona?"

Bosi akacheka, akidhani ndio utani wa mzee na mtoto. Meneja akacheka kumshinda bosi. Mama Vifungo, aliyemjua mwanawe tangu tumboni, aliona ile kola ya shati ikilowa jasho.

Jumapili kikao kikaitishwa. Mapazia yalishushwa mchana kweupe, redio ikafunguliwa sauti ya juu ili majirani wasisikie, na kwa sababu ya redio ile ikabidi wanakikao wapige kelele. Mwenye ugonjwa alikuwa amekaa palepale katikati yao na kikombe chake cha chai, wakimzungumzia kwa jina la "yule."

"Yule apelekwe hospitali," alisema Meneja.

"Hospitali ipi?" Shangazi akaruka. "Hii ya hapa, karani wake ni shemeji wa jirani yangu. Kesho mtaa mzima utajua!"

"Si ya hapa. Ile ya upande wa pili wa mji. Na hatutatumia jina lake."

"Jina la nani sasa?" Mama Vifungo akauliza.

"Jina lolote, Mama. Jina ni karatasi tu. Mimi kazini naona mafaili kila siku, najua yanavyotembea. Leo yuko hospitali, kesho watu wanasema ukoo ule una kichaa, keshokutwa wanangu hawaposwi."

Wanawe walikuwa na miaka saba na minne. Lakini Meneja alikuwa mtu wa bima, na mtu wa bima huanza mapema kuogopa.

"Funika kombe mwanaharamu apite," Shangazi akakata shauri. Fundi Kichwa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyesikia maneno ya busara kuhusu familia ya watu wengine.

Basi wakaenda. Dirishani kwa karani Meneja hakusitasita. Alimpa baba yake jina jipya, akampunguzia miaka mitatu, akamhamishia mtaa mwingine, akamfanya mstaafu wa posta. Yeye mwenyewe alijiandikisha kuwa mpwa wake, maana alisema mpwa haulizwi maswali mengi. Yote hayo aliyapanga kichwani wakati wa kuendesha gari, na alikuwa mwerevu sana. Alisahau jambo moja tu, kumwambia mgonjwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani na subira. Aliweka faili mbele yake, akashika kalamu.

"Shikamoo mzee. Nitakuuliza maswali mepesi, usiwe na wasiwasi. Jina lako nani?"

Fundi Kichwa akajiweka sawa kwenye kiti. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa mpangilio, bila kukwama.

Daktari akatazama faili. Akatazama tena. Akapiga mstari mdogo.

"Sawa mzee. Unaishi wapi?"

Akataja mtaa, nyumba, rangi ya geti, na kwamba ukifika kwenye kona usifuate barabara ya kushoto kwa sababu ina mashimo. Mstari wa pili.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa? Mimi ni fundi cherehani."

"Hukuwahi kufanya kazi posta?"

"Binti yangu, posta nimewahi kwenda kununua stempu."

Mstari wa tatu. Umri wake aliutaja hadi miezi. Mstari wa nne. Sura ya daktari ilikuwa imeanza kujaa huruma. Akamwonyesha Meneja.

"Na huyu hapa, unamjua?"

Siku ile, katika siku zote, Fundi Kichwa alimtazama Meneja uso ukamng'aa. "Nisimjue? Huyu mwanangu wa kwanza. Alizaliwa mguu mbele, tukahangaika naye siku mbili."

"Mwanao?" daktari akauliza kwa upole. "Si mpwa wako?"

"Mwanangu," akasema mzee.

Daktari akapiga mstari wa tano. Meneja alikuwa ameinamisha macho kwenye viatu vyake. Alimwona baba yake akifeli kwa kosa la kumtambua, na hakusema neno.

Mama Vifungo alifungua mdomo. Alikuwa tayari kusema, "Daktari, ngoja." Chini ya meza Meneja akamkanyaga mguu. Mdomo ukafungwa. Na tusimwonee Meneja, mguu wa mtu hauwezi kumziba mwingine mdomo. Mama Vifungo alinyamaza kwa sababu naye aliona haya. Maswali yaliyofuata, ya mwezi na mwaka na kuhesabu kurudi nyuma, mumewe aliyakosa kweli, lakini wakati huo daktari alikuwa ameshaona ya kumtosha.

Karatasi waliyopewa ilisema ugonjwa umekwenda mbali sana. Mgonjwa hajui jina lake, makazi yake, kazi yake wala ndugu zake. Asiachwe peke yake, asitoke bila mtu, asiguse mkasi, pasi wala mashine yoyote. Warudi baada ya wiki tano. Daktari aliongeza kwa mdomo kwamba ni vizuri majirani wakaambiwa, ili wawasaidie kumwangalia. Maagizo mengine yote waliyafuata.

Kesho yake Meneja alileta kufuli. Kufuli la maana, lenye ufunguo mrefu, likafungwa nje ya mlango wa chumba cha nyuma. Mtaani wakatangaza kwamba Fundi Kichwa amesafiri, amekwenda kwa jamaa zake wa mbali kupumzika. Na kwa kuwa oda za watu zilikuwa hazijaisha, Mama Vifungo alimfungia mumewe kila asubuhi baada ya chai, akavaa ufunguo shingoni ndani ya gauni, akaenda dukani.

Siku za kwanza alimsikia mpaka getini.

"Nani kafunga huku? Mke wangu! Wateja wananisubiri!"

Siku ya nne aliacha kupiga mlango. Siku ya sita alimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni, mikono juu ya magoti, amejilowesha. Siku ya nane alimwuliza kwa sauti ndogo, "Nimekosa nini?"

Mama Vifungo alisema, "Hujakosa kitu, baba watoto," akambadilisha nguo, akaenda kulia bafuni na maji yamefunguliwa. Alianza kuuchukia ule ufunguo. Ulikuwa mwepesi lakini ulimlemea shingo. Na kilichomuuma zaidi ni kuona ile karatasi ya hospitali, iliyokuwa ya uongo siku ilipoandikwa, ikigeuka kuwa kweli siku hadi siku. Kabla ya kufuli mumewe alijua mlango wa choo uko wapi. Sasa hakuwa na uhakika.

Siku ya kumi na moja, yeye mwenye akili timamu, asiyeandikiwa na daktari yeyote, akasahau kufunga.

Alikuwa anapiga pasi blauzi ya mteja aliposikia kinyozi akipiga ukelele nje.

"Eeh! Fundi! Umerudi lini?"

Akainua uso. Fundi Kichwa alikuwa amesimama mlangoni, kavaa koti lake zuri, kanyoosha mgongo. Viatu havikufanana, lakini vilikuwa vimepigwa rangi vyote viwili. Akamtazama kinyozi. Kisha akamtazama mkewe, akamtazama usoni kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. Akamgeukia kinyozi.

"Leo hii asubuhi," akasema.

"Na huko ulikokwenda, kwema?"

"Kwema sana. Ila vitanda vyao vigumu."

Watu wakaanza kukusanyika. Mwalimu wa hesabu akauliza hali ya barabara; mbaya, akasema fundi. Muuza magazeti akauliza kama jamaa hawajambo. Hawajambo ila mmoja amekonda. Alipiga chuku kwa utulivu na heshima, akapokea salamu, akaahidi kupeleka salamu. Uongo ambao ukoo mzima ulihangaika kuutunga, yeye aliupokea njiani akaushona vizuri kuliko wao. Alipochoka kuulizwa aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani yake, akavuta gauni lililokuwa karibu, akaanza kupinda pindo. Pindo likatoka limenyooka kabisa. Mikono ilikuwa haijapata habari.

Ndipo Fundi wa Ng'ambo alipovuka barabara. Huyu alikuwa na duka lake upande wa pili, mmoja wa wale makarani wenye madaftari, mtu ambaye Mama Vifungo alikuwa akimwona mshindani na kumsalimia kwa nusu sauti. Akamwita Mama Vifungo pembeni, karibu na meza ya pasi.

"Mama, samahani. Naomba nikuulize jambo, usinikasirikie."

"Uliza."

"Nyumbani mmeshajua?"

"Tumejua nini?"

Akashusha sauti. "Kwamba Fundi anasahau."

Mama Vifungo akaweka pasi chini. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Nani aniambie? Mwaka wa pili huu nawarekebishia wateja wenu nguo. Wanatoka hapa wanashukuru, wanazungukia nyuma, wanaingia kwangu. Mwalimu suruali yake nimeikata mimi. Koti la kinyozi nimeling'oa mkono nikaweka mwingine. Mimi hata daftari langu jipya nimelijaza kwa watu wenu."

"Mtaa mzima unajua?"

"Mtaa mzima, mama. Tulikubaliana tusiseme. Tulidhani nyinyi ndio hamjui. Tukaona tutawavunja moyo."

Mama Vifungo alitafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya rundo la bitana. Miaka miwili alikuwa akinyoosha shingo na kufumua nguo mpaka vidole vikaota sugu ili mtaa usijue. Miaka miwili mtaa ulikuwa ukivaa suruali za ajabu ili yeye asijue. Alianza kucheka. Alicheka mpaka kinyozi akachungulia, na kicheko hakikuisha vizuri, kiliishia kwenye kilio. Fundi wa Ng'ambo akasimama pale hajui aweke wapi mikono yake, mwishowe akachukua pasi akaendelea kuinyoosha ile blauzi.

Jioni ile aliwaita Meneja na Shangazi. Hakushusha mapazia, na redio aliizima. Alitoa ufunguo shingoni akauweka mezani.

"Sifungi tena," alisema. "Kesho nakwenda kwa yule daktari kumwambia ukweli."

"Mama, karatasi si unaijua? Daktari kasema asitoke, asiguse mashine."

"Daktari alimpima mtu asiyekuwepo. Yule mstaafu wa posta ndiye asitoke. Mume wangu hajapimwa."

"Wifi, fikiri kwanza," akasema Shangazi. "Watu watasema..."

"Watu wameshasema, wifi. Wamesema miaka miwili, wameshachoka, tumebaki sisi tu." Akavuta pumzi. "Nikuulize kitu. Baba yenu alipokuwa anapenda kutembea, mlifanyaje?"

Shangazi alikuwa anautazama ule ufunguo pale mezani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakaa nao," akasema hatimaye.

"Nao nini, Shangazi?" Meneja akauliza.

"Ufunguo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikwenda shamba, kaka zangu shuleni, mimi nikabakizwa nyumbani nikae mlangoni. Alikuwa ananiita jina langu. Ananibembeleza, mwanangu fungua, mwanangu fungua. Niliambiwa nisifungue. Baadaye akawa haniiti tena, anaita tu." Alijifuta uso kwa kiganja, kwa hasira, kana kwamba machozi yalikuwa ya mtu mwingine. "Msiniambie habari za kufuli. Nalijua kufuli kuliko nyote."

Hakuna aliyemwuliza kwa nini basi alikubali lifungwe. Mtu hurudia njia anayoijua, hata kama iliwahi kumuumiza.

Meneja alipozungumza, sauti yake haikuwa ya bima.

"Kwa hiyo babu, halafu baba. Na mimi je, Mama? Juzi nilisahau nimeegesha wapi gari. Nilizunguka nusu saa. Nilitetemeka."

Mama Vifungo akamwona wazi kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Huyu hakuwa akimficha baba yake peke yake. Alitamani kumwambia haitakuwa, lakini uongo ulikuwa umemchosha.

"Sijui, mwanangu. Yuko mtu anayejua, na sisi tulimpa jina la bandia. Tukamwulize."

Asubuhi Meneja aliwaendesha mpaka hospitali, lakini akasema atasubiri ndani ya gari. Mama Vifungo akamshika mumewe mkono, wakaingia wawili. Dirishani palikuwa na foleni, na benchi lilikuwa limejaa.

"Jina la mgonjwa?" akauliza karani.

Akalitaja lote, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Karani akatafuta.

"Hana faili hapa, mama."

"Najua hana. Tulikuja na jina la uongo. Mume wangu ana ugonjwa wa kusahau, tukaona haya."

Watu wawili watatu kwenye benchi wakageuka. Dari haikuanguka. Karani akachukua fomu mpya wala hakuinua uso.

"Wengi wenu mara ya kwanza mnaleta mtu mwingine," akasema. "Jaza hapa."

Daktari aliwasikiliza mpaka mwisho. Habari ilipofika kwenye ile mistari mitano alivua miwani yake akaifuta, na ilionekana wazi kuwa hakuwa na sababu ya kuifuta. Hakuwakaripia. Alisema tu kwamba itabidi aanze upya, kwamba kufungiwa siku kumi huweza kumrudisha mgonjwa nyuma sana, na kwamba atakachokiona leo ndicho kitakachoamua kama mzee anaweza kurudi kwenye cherehani yake, akiwa na mtu pembeni, au la. Mama Vifungo akajipapasa shingo, pale ulipokuwa ukining'inia ule ufunguo. Ikiwa lile kufuli limekwisha kumla mumewe, basi wamelifunga wao.

Mlango ukafunguliwa. Meneja aliingia, akasimama ukutani, funguo za gari mkononi.

"Huyu ni mwanawe," Mama Vifungo akamwambia daktari. "Wa kwanza."

Daktari akaweka karatasi nyeupe mezani.

"Shikamoo mzee. Nitakuuliza maswali mepesi. Jina lako nani?"

Fundi Kichwa aliitazama ile karatasi nyeupe.

Mama Vifungo alikunja vidole ndani ya kiganja. Mumewe alimtazama daktari, akaitazama kalamu, macho yake yakihangaika. Akamtazama mkewe. Kisha akageuka kabisa kwenye kiti, akamwinamia Meneja aliyekuwa ukutani, akamwuliza kwa sauti ya chini, sauti ya fundi anayetaka kujua mteja amechagua kitambaa gani ili asimwaibishe mbele ya watu:

"Leo tunatumia lipi?"

Meneja akapiga magoti pale sakafuni na suti yake ya kazini, akaushika mkono wa baba yake.

"Lako, baba. Leo tunatumia lako."

"Una hakika? Sitawaharibia?"

"Hutuharibii. Sema lako."

Basi Fundi Kichwa akajiweka sawa, akalitaja, na la baba yake, na la babu yake, kwa mpangilio. Daktari akaandika. Akamwuliza anaishi wapi, na anafanya kazi gani, na huyu aliyepiga magoti ni nani, akajibiwa yote, akaandika. Akamwuliza huu ni mwezi gani. Mzee akataja mwezi uliopita zamani, kwa uhakika uleule, na mwaka akaukosa kwa miaka tisa. Mama Vifungo hakumkonyeza wala hakumsahihisha. Daktari akaandika hayo nayo.